Kisogo cha Maiki

Kabla hajaingiwa na wazo la kurekodi nyumbani, Theuri alikuwa fundi wa sauti wa harusi na matanga, na kwa fundi wa matanga maiki ni maiki tu. Unaigonga kwa kidole, unasema "hello, hello", unamkabidhi mchungaji na kumwomba Mungu ampe maneno machache. Maiki ya namna hiyo haina habari na kilicho mbali. Ng'ombe anaweza kulia kando ya hema, jenereta ikanguruma na watoto wakapigana, nayo ikamsikia mchungaji peke yake. Theuri alikuwa amefanya kazi na maiki hizo tangu atoke shule, na alijiona amezimaliza.

Alipoingia dukani kwa Miriti mjini Nyeri, basi, alitaka kitu kingine. Kwaya ya akina mama wa kanisa lao kule Gakindu ilikuwa imealikwa kutuma wimbo kwa redio moja ya Kikuyu, iliyokuwa ikitafuta kwaya mpya za kupigwa Jumapili asubuhi. Mwanzilishi na mwenyekiti wa kwaya hiyo alikuwa mama yake mzazi, Ngendo, na Theuri ndiye aliyeahidi kwamba wimbo ungerekodiwa nyumbani kwao, sebuleni.

"Unataka maiki ya nyumba gani?" Miriti alimwuliza.

"Ya studio."

"Sijauliza studio, nimeuliza nyumba. Iko na ceiling?"

"Haina. Ni mabati tu."

"Na kuku?"

"Kuku ziko. Si kila mtu ako na kuku?"

"Basi chukua hii dynamic, kama ile yako ya matanga lakini poa kidogo," Miriti alisema. "Hiyo ingine unaangalia ni condenser. Hiyo inasikia mpaka kitu haijaambiwa. Ukiweka kwa nyumba ya mabati utarekodi mvua, urekodi kuku, urekodi na jirani akikusengenya."

Ushauri huo uliingia sikio hili ukatokea lile. Theuri alikuwa na hoja yake, na haikuwa mbaya: akina mama walikuwa wengi na maiki ni moja, na ile ya matanga ingemsikia aliye karibu peke yake. Lakini pia ile kondensa ilikuwa inang'aa, imelazwa kwenye kijisanduku chenye sponji kama saa ya tajiri. Nusu ya sababu ilikuwa akili na nusu tamaa, na mnajua wenyewe ni ipi iliyotoa pochi.

Miriti alipoona mteja amekwisha kunasa, alimfundisha jambo moja la mwisho. "Hii iko na uso na kisogo. Uso ni hapa kwa alama. Huku nyuma haisikii kitu. Mtu akiimba huku nyuma ni kama hakukuja."

Theuri aliitikia kwa kichwa huku akifunga mkoba.

Nyumbani alitundika mablanketi ukutani, akaziba dirisha kwa magunia ya kahawa, akachomeka maiki kwenye kompyuta na kuvaa hedifoni, zile kubwa za kufunika masikio yote. Alichosikia kilimfanya akae chini. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga kama seremala. Kuku alikuwa akiparua nje. Mama yake jikoni alikuwa akikata sukuma wiki, na kila jani lilisikika likikatika. Theuri akajua kwamba ameleta mmbeya nyumbani.

"Baba, hiyo kitu yako inakula?" Ngendo aliuliza kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Alimwita mwanawe "baba" si kwa mzaha. Theuri alikuwa mtoto wake wa pili wa kiume, na kwa desturi yao huyo hupewa jina la baba wa mama. Mzee Theuri wa kwanza alikuwa kaburini siku nyingi, lakini kwa Ngendo bado aliishi humo ndani, akila na kuvaa soksi zenye matundu. Hata zamani alipolazimika kumchapa mtoto huyo alikuwa akitangulia kumwomba radhi: "Baba, unisamehe, lakini hii ni lazima."

Tangu miaka michache iliyopita mama huyu alikuwa ameingiwa na ukali ambao hakuwa nao. Alilalamika kwamba watu wa siku hizi wananong'ona. Redio aliifungua hadi majirani wakawa hawana haja ya kununua zao. Ukimwita kutoka shambani haitiki, na ukimwuliza mbona, anasema yuko na mambo yake kichwani. Theuri aliyatia yote hayo kwenye kapu moja, kapu la uzee na uenyekiti, akaendelea na shughuli zake.

Akina mama walikuja Jumamosi, wakanywa chai kwanza, kwani hakuna wimbo unaotoka kwenye koo kavu. Halafu wakajipanga kama wanavyojipanga kanisani siku zote: viongozi mbele, wengine nyuma. Tabby, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote lakini ameolewa juzi tu, akaangukia nyuma kabisa, karibu na kabati la vyombo. Ngendo alisimama mbele. Kisha akasogea. Kisha akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa maiki. Theuri akarudisha stendi nyuma, mama akaifuata. Walikwenda hivyo hadi stendi ikafika ukutani, na hapo fundi akasalimu amri.

Waliimba, wakaketi kusikiliza. Kwenye spika ilitoka sauti ya Ngendo, imejaa chumba kizima, imechelewa kidogo na imepanda kidogo. Na mbali huko, kama watu wanaopita upande wa pili wa mto, ilisikika kwaya.

Mmoja aliangalia kikombe chake, mwingine akakumbuka kumbembeleza mtoto aliyembeba mgongoni ingawa mtoto alikuwa amelala salama.

"Si mbaya," Kagure alisema mwishowe. Yeye alikuwa makamu wa mwenyekiti na rafiki wa Ngendo tangu ujana.

"Iko sawa," Ngendo alisema, akiwa ameridhika kabisa. "Lakini nyinyi hamsikiki. Mnaogopa maiki. Mimi nimewaambia muimbe, hamuimbi."

Heshima si utumwa, ndivyo tunavyosema. Siku hiyo, hata hivyo, heshima iliwafunga midomo watu wazima wenye akili zao, wakamaliza chai yao na kuaga mmoja mmoja.

Kagure alimvuta Theuri hadi nje, penye ua wa miiba ya kai-apple. "Theuri, mimi na mama yako tumetoka mbali, na nampenda. Lakini hivyo haiwezi enda redio. Na kuna wale wameanza kusema watatoka waanze kwaya yao. Wewe ni mtoto yake. Mwambie apumzike, aachie hawa wadogo."

"Si umwambie wewe? Ni rafiki yako."

"Nikimwambia mimi, ataona nataka kiti."

Hilo lilikuwa kweli. Kumfunga paka kengele kulikuwa kumemwangukia yeye, na aliogopa, tena aliogopa sana. Hakuwa anaogopa hasira za mama. Alikumbuka jinsi alivyokuwa baada ya kufiwa na mume, akishinda jikoni mbele ya jivu lililopoa, hata chai hajipikii. Kilichomwinua pale si dawa wala mahubiri. Siku moja aliwaita wanawake watatu waje kumwimbia, humohumo sebuleni, na kesho yake wakaja watano. Kwaya ilizaliwa hivyo. Kumtoa ndani yake kulikuwa kumrudisha kwenye lile jivu, na mtoto gani ana mdomo wa kusema hivyo?

Basi akafanya kama wanavyofanya waoga wenye ujuzi. Alikumbuka kisogo.

Jumamosi iliyofuata aliwapanga wanawake nusu duara, wote wakiutazama uso wa maiki, Tabby katikati. Mama yake alimweka upande wa pili, mkabala nao, nyuma ya maiki. "Wewe ni kiongozi, Mami," alimwambia kwa sauti ya juu. "Simama hapa uwaone wote."

Ngendo alifurahi. "Mmeona baba amenipa nafasi yangu?" aliwaambia wenzake, na akarekebisha kitambaa chake cha kichwani.

Kagure alimtazama Theuri, kisha maiki, kisha Theuri tena. Alielewa, lakini hakusema. Theuri alihisi uso wake ukiwaka moto, akajifanya anatafuta waya.

Siku hiyo kila kitu kilitii. Kuku walikuwa wamemwagiwa mahindi huko nyuma ya choo, kinu cha kusaga unga kilikuwa kimefungwa, saa ya ukutani ilikuwa imefunikwa kwa shuka chumbani. Waliimba mara moja tu. Ngendo aliimba kwa moyo wake wote, mikono kifuani, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imesimama, na maiki haikuchukua hata robo yake. Theuri, akiwa na hedifoni zake, alisikia kwaya nzuri kuliko alivyowahi kuota. Aliona aibu kuifurahia, na bado akaifurahia.

Alipoirudisha kwenye spika wanawake walishikana mikono. Tabby aliziba mdomo asicheke kwa furaha. Ngendo alikuwa ameinama, amekunja uso kidogo.

"Ongeza," alisema. "Spika yako ni kidogo."

"Imefika mwisho, Mami."

"Mami, vaa hizi," Tabby alisema, na kabla Theuri hajanyoosha mkono alikwisha kumvalisha hedifoni juu ya kitambaa. "Hizi ndizo zinabamba. Nikifungua mpaka itoshe, useme." Akashika kitufe cha kuongezea sauti, akawa anakizungusha polepole huku akimtazama mama usoni. Alizungusha sana kuliko kawaida, mpaka Ngendo akainua kiganja.

Mdomo wake ukafunguka.

"Huyu ni Kagure," alisema. "Kagure, kumbe bado unashika hiyo ya chini?"

"Sijawahi iacha," Kagure alisema, lakini Ngendo hakumsikia.

"Na huyu ni Tabby. Ati ako na sauti hivi? Na kuna mtu anakohoa. Na kiti inalia." Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, wala hakuyapangusa. "Mimi nilifikiria mmeacha kuimba. Kila Jumapili naona midomo inaenda lakini nasikia tu kidogo hivi, kama watu wamechoka. Nikafikiria nimebaki peke yangu. Ndio nikawa napaza, nisiwache wimbo ikufe."

Kagure alijishika kifua. Miaka yote hiyo walikuwa wamedhani ni kiburi.

Wimbo uliendelea masikioni mwa Ngendo, na polepole furaha ikaanza kumtoka usoni. Alibonyeza hedifoni kwa mikono miwili, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye umati wa sokoni Karatina.

"Na mimi," aliuliza, "niko wapi?"

Wanawake waligeuka kumtazama Theuri.

"Theuri. Mimi niko wapi?"

Hakumwita baba. Theuri hakukumbuka hata siku moja alipowahi kuitwa na mama yake kwa jina tupu namna ile, na lilimchoma. Alimvua hedifoni taratibu, akapiga magoti mbele ya kiti chake ili mama amwone mdomo akisema.

"Nilikuweka nyuma ya maiki, Mami. Huko nyuma haisikii."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unaimba kwa nguvu na unachelewa, na unatoka nje ya wimbo. Na hakuna mtu alikuwa anaweza kukuambia. Hata mimi." Alikuwa akilia sasa, mtu mzima wa ndevu. "Niliogopa nikikuambia utarudi jikoni."

Ngendo alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, chini kuliko walivyoizoea.

"Baba yangu nikikosea wimbo kanisa alikuwa ananikanyaga kidole ya mguu. Kila mtu ameangalia mbele, na yeye ananikanyaga. Nilikuwa naumia. Lakini hakuniwacha niimbe vibaya mbele ya watu." Akapangusa uso kwa upindo wa leso. "Wewe uko na jina yake, na umeniwacha."

"Sio yeye peke yake," Kagure alisema kwa nguvu, akija kusimama mbele yake. "Ni mimi. Ni sisi wote. Tulifikiria ni kiburi, kumbe ni masikio."

"Masikio yangu iko sawa."

"Ngendo."

Mwenyekiti alitazama kushoto, akatazama kulia. Kila uso aliouona ulikuwa umelowa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameyaficha yake kwa kelele, mahali ambapo wengine huyaficha kwa kunyamaza.

"Haiko sawa," alikubali hatimaye. "Na nyinyi mkiongea na mimi mnaongea mkiangalia chini kama wezi. Mtu atasikiaje?"

Mmoja alicheka, wakacheka wote, na Ngendo mwenyewe akacheka akiwa bado na machozi. Theuri alikuwa angali amepiga magoti.

"Inuka," mama yake alimwambia. "Hii kitu inaweza nifanya niwasikie wao nikiwa naimba? Sio baadaye. Nikiwa naimba."

Theuri hakuwa amefikiria jambo hilo hata kidogo, yeye aliyejiona amezimaliza maiki zote. Inaweza, alisema. Aliiacha maiki uso wake ukiwaelekea wanawake wote. Alifungua ile nusu duara, akamweka mama yake ndani yake, si mbele na si nyuma, hatua chache kutoka kwa stendi, katikati ya Kagure na Tabby. Akamvalisha hedifoni na kuongeza sauti mpaka alipomwona anashtuka kwa sababu jogoo amewika huko nje. Ile kondensa, mmbeya asiyejua kufunga masikio, ndiyo iliyomfaa. Ile ya matanga isingemletea hata sauti ya Tabby.

"Na wewe simama hapa," Ngendo alisema, akimwonyesha mahali kando yake. "Karibu na mguu yangu."

Walianza. Ngendo aliingia kwa nguvu zake za kawaida, akajisikia mwenyewe masikioni, akaruka. Wakacheka, wakaanza upya. Mara ya pili aliingia polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake. Kwenye ubeti wa pili alianza kupanda, na Theuri akamkanyaga kidole. Alifanya hivyo kwa woga, akitumia ncha ya kiatu tu. Mama hakugeuka, lakini sauti yake ilishuka ikakaa mahali pake, chini ya ile ya Tabby na juu ya ile ya Kagure. Ndipo wote wakakumbuka kwa nini walikuja kuimba katika nyumba ile tangu mwanzo. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, ina mchanga kidogo ndani yake, na ilikuwa tamu.

Walikuwa wameingia ubeti wa mwisho tone la kwanza lilipogonga bati. Theuri alilisikia, akajua. Likafuata la pili. Kwa maiki ile na paa lile, wimbo ulikuwa umekwisha kuharibika, na hakuna haja ya kuwachosha wazee wa watu. Alinyoosha mkono kuelekea kompyuta ili asimamishe.

Akakanyagwa. Ngendo hakutumia ncha ya kiatu, alitumia kisigino kizima, kisawasawa, huku ameangalia mbele na anaimba. Theuri alirudisha mkono wake. Kwaya ikauimba ubeti hadi mwisho, matone yakiongezeka juu yao, na walipomaliza hakuna aliyesogea.

"Sasa tutarudia," Kagure alisema baadaye kwa masikitiko. "Mvua imeingia."

Ngendo alikuwa amemwona akisema, na kwa hedifoni alimsikia pia. "Haturudii. Tuma hivyo hivyo. Kama hawataki mvua, wasitafute kwaya ya Gakindu."

Wanawake walikwenda jikoni kuweka chai. Theuri alianza kukunja nyaya, akafika kwenye ule wa hedifoni, na mama yake akaushika.

"Jumatatu utanipeleka Nyeri kwa daktari wa masikio, baba. Nitaenda, sitasumbua. Lakini leo usinivue."

Theuri aliuachia waya. Akaenda kwenye maiki, akauelekeza uso wake juu kwenye mabati, akaongeza sauti kidogo. Ngendo aliketi kwenye kiti chake akitazama paa.

"Kumbe inaanzanga hivi," alisema. "Moja moja. Siku hizi nilikuwa naisikia tu ikishafika."

Theuri akavuta kiti kingine, akaketi kando yake, na maiki wakaiacha wazi mpaka mvua ilipokatika.